Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimevumbua namba! Milioni moja na moja. Haigawanyiki. Mbili imegoma, tatu imegoma, saba ndiyo usiseme. Nilikuwa nimepiga magoti napanga vigae bafuni kwa daktari wa meno, ikanijia kama chafya. Nikampigia mpwa wangu, mwalimu wa hesabu. Akasema namba za hivyo huitwa tasa, na kama hii ni tasa kweli, Mjomba aje Ijumaa awaeleze wanafunzi wake. Shule ileile walikonifukuza darasa la sita kwa kushikilia kwamba nilimbwaga mamba kwa mieleka! Mimi, mbele ya ubao ule!

Jumanne, 5 Machi
Kutwa nagawanya, penseli na maboksi ya vigae. Nimefika sitini na moja. Daktari kauliza bafu litaisha lini. Nikamwambia elimu haina haraka.

Jumatano, 6 Machi
Mia! Hakuna kilichoingia. Nikafunga hesabu. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, sijawahi kupanga safu yenye vigae zaidi ya mia. Kupita hapo namba ni zilezile, zimevaa koti tu. Nimemtangazia shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Akaguna. Eti katika msafara wa mamba na kenge wamo, na yule wangu alikuwa kenge. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge, nyuzi anazo.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Shemeji kaja na tepu yake shingoni. Eti tepu ya fundi cherehani haiishii mia, inakwenda mpaka mia na hamsini, kwa hiyo yeye akaendelea. Hatua moja tu! Mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Nimerudia kuzidisha mara tatu. Inatoka kamili, haibaki hata chembe. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Na suti nimeshaipiga pasi! Nikampigia mpwa kujitoa. Akasema Mjomba, njoo hivyohivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesimama ubaoni! Nikawasimulia nilivyokabana na namba ile siku tatu, ikaniponyoka nimeshaikamata mkia. Darasa zima likacheka, kisha likachukua kalamu na kugawanya lenyewe. Mpwa akaeleza kwamba ukitaka uhakika, uende hadi elfu moja: elfu mara elfu ni milioni, basi kigawanyo kikizidi elfu, mwenzake atakuwa chini ya elfu. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyemfundisha mimi. Makofi! Kanipa chaki nzima, haijatumika.

Jumamosi, 9 Machi
Bafu limekwisha, na kigae cha mwisho kimenipa nyingine! Milioni moja na tatu. Nimeshamwambia shemeji, mpwa, na daktari aliyesimama mlangoni na taulo. Haigawanyiki kabisa. Safari hii sikufanya mzaha, nimeijaribu mpaka mwisho wa namba.

Mia na moja.