Mawe ya Mastura

Palma, Jumanne, 1 Agosti 1967
Leo nimeanza. Mchumba wangu Mastura yuko ng'ambo ya mto Rovuma tangu wazazi wake walipokimbia vita vya Mreno, na kabla ya kuondoka mama yake alitamka mbele ya watu kwamba hataki mkwe wa mikono mitupu. Sawa. Sitakwenda mikono mitupu. Nilipokuwa kibarua wa mkonge kule Lindi nilimwona mzungu mmoja akitia mawe ya pwani ndani ya pipa linalozunguka, mpaka yakang'aa kama vito. Mawe hapa ni ya bure. Pipa dogo ninalo. Baiskeli ninayo. Asubuhi nzima nimeokota: mekundu, ya kijani, moja la rangi ya asali. Hilo la asali nililishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yake yako hivyo akisimama juani.

Alhamisi, 3 Agosti
Nimeipindua baiskeli miguu juu, nikafunga pipa kwenye gurudumu la nyuma. Ndani mawe, mchanga na maji. Nazungusha pedeli kwa mkono. Linafanya kazi! Kelele yake sisemi. Kuku wamehama.

Jirani yangu Cassamo, fundi cherehani, akaja kulalamika. Huyu aliwahi kumposa Mastura kabla yangu akakataliwa. Nalikumbuka jambo hilo kila ninapomwona, nalo hunipa nguvu. Aliuliza kwa nini nisivuke tu nikamwoe. Nikamjibu kwamba mambo ya mapenzi hayataki pupa. Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili, 6 Agosti
Nimefungua pipa. Yakiwa yameloa, mawe ya kisultani. Nikayaanika kwenye jamvi, nikakaa kuyatazama. Yakakauka. Yakawa kokoto.

Mkono wa kulia haunyanyuki. Nimekula kwa shida. Mastura alikuwa na mazoea ya kunichambulia samaki miiba akidhani sioni. Ng'ambo huko anamchambulia nani? Nimeyarudisha yote pipani, mara hii na majivu.

Jumatano, 9 Agosti
Askari wa Kireno. Walisikia kelele, wakadhani nina mtambo wa wapiganaji. Wakaja na bunduki, wakanilaza kifudifudi, wakamwaga pipa. Mawe. Koplo wao, Luís, kijana mwenye ndevu chache, akachutama akayachambua moja moja. Nilingoja kupigwa. Badala yake akachukua moja jekundu, akalilamba, akaliinua juani. Kwa Kireno changu cha dukani nilielewa kwamba kwao kuna msichana anaitwa Fernanda, na kwamba barua zake zimepungua. Aliniuliza kama msichana angelipenda jiwe lile. Nikasema muito, muito, yaani sana.

Akaliweka mfukoni. Akaniandikia guia, ile karatasi ya ruhusa ya safari, ya kwenda Nhica kuangalia shamba na kurudi. Hakuandika hata jina, ni "mwenye guia hii" tu. Watu huhonga mbuzi wasiipate. Cassamo aliposikia aliacha kushona, akaomba aione. Akaisoma mara mbili.

Jumamosi, 12 Agosti
Mama Kurwa wa Nhica, anayevuka mto kwa siri na chumvi yake, amepita leo. Amemwona Mastura! Amekonda kidogo, anasema, ila sauti ni ile ile. Nilimwomba arudie hapo kwenye sauti. Akarudia, halafu akanishika mkono.

"Nuro mwanangu, Mastura anasema njoo. Mawe yaache. Mama yake amechoka kungoja, ameanza kusikiliza posa za watu wengine."

Ijumaa kuna nafasi moja kwenye mtumbwi wake. Hajui kama itapatikana nyingine, maana askari wanazidi kusogea mtoni.

Sikulala. Naona kabisa nikifika, Mastura akitoka nje na unga mikononi. Halafu namwona mama yake nyuma yake, anaitazama mikono yangu.

Jumanne, 15 Agosti
Nimelitatua. Nimefikiri vizuri kuhusu lile neno "yaache". Mwanamke akikuambia usijisumbue, anapima kama utajisumbua. Mawe bado yana ukungu, yanataka majivu wiki mbili nyingine, na mtumbwi ni Ijumaa hii. Nikaondoke nayo mabichi? Mimi si mtu wa namna hiyo.

Basi nimempa Cassamo guia na ile nafasi. Amekubali upesi, hata nikashangaa. Atamfikishia Mastura mawe saba ya mwanzo, nimeyapaka mafuta ya nazi, na kumweleza kwamba mengine yanakuja pamoja na mimi. Nimemfundisha maneno ya kusema, kwa sababu yeye si msemaji. Alisikiliza kwa makini. Aliniuliza mama mkwe anapenda nini, nikamwambia ugoro na heshima. Akasema asante, ndugu yangu.

Ameondoka alfajiri. Kanzu mpya aliyojishonea mwenyewe, marashi, cherehani kichwani. Safari ya siku chache na cherehani! Nimemsindikiza mpaka njia ya Nhica, nikampungia mkono mpaka akapotea. Kisha nikarudi kuzungusha pipa. Namhurumia kidogo Cassamo. Kwenda mbali kote huko, wala hana anayemngoja.