Taya za Panya Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Dhuluma! Leo Profesa kagawa panya wachanga. Miwani, mwenzangu wa maabara, kapewa wa kula vidonge vigumu vya chakula. Mimi wa kunywa uji. Ati tuone kama kutafuna ndiko kunakokuza taya. Profesa anasema taya changa haitulii: mfupa unaongezwa nyuma, unamegwa mbele, kutegemea kazi inayofanya. Kwa hiyo wangu watabaki na videvu vya kitoto, na Miwani ndiye atakayehutubia mkutano mkuu. Nani atamwalika mtu wa taya ndogo?

Alhamisi, 6 Machi
Dawa nimeipata. Mahindi makavu, mfukoni mwa koti. Miwani akitoka kwenda kula, nawagawia wangu. Wanatafuna kama mashine ya kusaga! Mke wangu kauliza mahindi yake yanakwenda wapi. Nikamwambia ni kwa ajili ya sayansi. Akasema sayansi ijinunulie yake.

Jumatano, 26 Machi
Picha za eksirei zimetoka! Taya za wangu nene, ndefu, sawasawa na za Miwani. Profesa nusura acheze. Kumbe uji nao unakuza taya, nadharia zote chali! Nitahutubia mimi. Suti iko kwa dobi. Miwani kazitazama picha, kisha kaenda kuwachungulia panya wangu. Wivu huo!

Ijumaa, 28 Machi
Fitina! Miwani kamwambia Profesa aangalie meno ya mbele. Meno ya panya hayaachi kukua. Mnywa uji huwa nayo marefu mno. Ya wangu yamesagika vizuri. “Kaka, huo uji wako una mawe?” kaniuliza mbele ya watu. Nikasema labda wanasaga meno kwa hasira. Profesa akafukua matandiko ya kizimba. Punje za mahindi! Mabwege hawakumaliza. Nimewalisha kwa jasho langu, wameniuza! Profesa akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kazi yote imeharibika, tutaanza upya. Miwani akavua miwani, akafuta machozi. Na mimi je, nani ananililia?

Jumatatu, 31 Machi
Nimehamishiwa kuosha vizimba vya sungura. Mimi! Mtunzaji kanieleza kwamba wanapima masikio: wa chumba cha joto yanarefuka, wa chumba cha baridi yanabaki mafupi. Nimewaona hao wa baridi. Vimasikio vya aibu! Wamekosa nini, maskini? Jioni nimepita kwa shemeji kuazima hita.