Mikia Hamsini na Minane ya Vita vya Mbingu Saba

Jumatano Takwimu aliingia dukani kwa Dora bila hata kukung'uta theluji kwenye buti. Simu ameinyanyua juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

"Msimamo wa mauzo wa mwezi umetoka!"

Benchi zima likageuka. Dora anauza vitabu vya katuni, vile vya mashujaa wanaovaa chupi juu ya suruali, na duka lake lipo Barabara ya Lorain hapahapa Cleveland. Benchi la karibu na hita ni letu. Takwimu, jina la cheti Casimir Dudek, alikuwa akifundisha watu kuendesha gari mpaka moyo ukamwomba wapumzike wote wawili. Shemasi Cleophus Hargrove ni shemasi wa kweli, ila siku ya Jumapili tu. Dada Odessa Pettigrew tunamwita Nailoni, maana kila kitabu anachonunua anakivisha mfuko wa nailoni hapohapo kaunta, anaubana kwa gundi, na hajawahi kufungua hata kimoja. Mimi ni Lifti. Nimetengeneza lifti za mji huu maisha yangu yote, na kuna siku nilikwama kwenye moja na maharusi. Mlango ulipofunguka walikuwa wameshaachana.

"Soma basi," Shemasi alisema. "Usituweke roho juu."

"Namba moja nchini: *Vita vya Mbingu Saba*, toleo la nne."

"Aaah! Takataka!"

"Namba mbili: *Vita vya Mbingu Saba*, mkia."

"Upuuzi!"

"Namba tatu, mkia. Namba nne, mkia..."

Mkia ni neno letu wenyewe. Kampuni ya Jabali ikiwakusanya mashujaa wake wote kwenye vita moja, hadithi yenyewe inakaa kwenye kitabu kimoja. Halafu kila shujaa anatolewa kitabu chake cha pembeni, kutueleza alikuwa wapi na anakula nini wakati wenzake wanapigana. Simba mzima ana mkia mmoja. Vita hivi vina mikia hamsini na minane.

"Na ule wa mbwa?" Nailoni aliuliza.

"Mbwa kashika namba sita."

"Mbwa!" Shemasi alipiga goti lake. "Kurasa ishirini nzima mbwa yuko chini ya kitanda anaogopa mabomu! Ukurasa wa kumi na nne ndiyo anatoa pua!"

"Wewe umejuaje ya ukurasa wa kumi na nne?"

"Nimesikia. Watu wanaongea."

"Mimi nataka niambiwe kitu kimoja," Takwimu alisema. "Ni nani ananunua uchafu huu? Nionyesheni mtu mmoja. Mimi simjui."

"Vijana wa siku hizi," Nailoni alijibu. "Ukimpa kijana kiatu kilichoandikwa 'sehemu ya kwanza' atakinunua, kisha atasubiri mguu wa pili mwezi ujao."

"Ni watu wa Pittsburgh," nikasema mimi. "Mwaka mmoja nilikwenda kule kurekebisha lifti ya ghorofa kumi. Nikawaambia inapanda tu, haishuki. Wakanilipa, wakapanda. Mpaka leo wako juu."

"Lifti, hiyo kamba."

"Hiyo ni kebo, Shemasi. Kamba tuliacha zamani."

Takwimu hakucheka. Alishusha simu, akatupia jicho kaunta, akaongea kwa sauti ya msibani.

"*Bibi Taa* kashuka. Yuko mia moja themanini na saba."

Kisu cha Dora, kilichokuwa kinachana maboksi mapya, kikasimama.

"Na Jabali wametangaza," Takwimu aliendelea, "kuanzia sasa kitabu chochote kikishuka chini ya namba mia na hamsini, kinafutwa."

*Bibi Taa* anachorwa na Milena, binti wa Dora, aliyekulia kwenye duka hili akichora juu ya maboksi ya piza. Ni hadithi ya mama wa makamo anayepita mitaani na kuwasha taa za barabarani kwa kiganja chake. Haokoi dunia. Anaokoa mtaa, tena upande mmoja wa mtaa.

"Haiwezekani," Shemasi alisema. "Kile ndicho kitabu bora nchi hii! Lile toleo alilomwashia taa yule mlevi, moja baada ya nyingine, mpaka akafika mlangoni kwake? Nililia mimi."

"Tulilia wote," Takwimu alisema.

"Mimi machozi yalifika kwenye hita ikazimika," nikasema. "Dora ni shahidi."

"Milena ni damu yetu," Nailoni alimalizia. "Atakayemgusa Milena ametugusa sisi."

Dora akafuta mikono kwenye aproni, akaja mbele ya kaunta. Mama huyu ana mabega ya mbeba mizigo, na akikunja mikono unajikuta unakaa vizuri.

"Mnampenda mwanangu?"

"Sana!"

"Basi nisikilizeni. Huo msimamo mnaousoma kila mwezi kama matokeo ya uchaguzi hauhesabu wasomaji. Unahesabu sisi wenye maduka tumeagiza vingapi. Tukishaagiza ndiyo imetoka hiyo, havirudi. Jabali wananiambia, Dora, chukua mia vya *Mbingu Saba* tukupe kimoja chenye jalada adimu. Nachukua mia. Mwenzangu wa Akron anachukua mia. Huyo ndiye namba moja wenu."

"Sasa hivyo vingine unavipeleka wapi?"

"Meza ya kahawa ilikuwa inayumba. Haiyumbi tena."

Tukaangalia mguu wa meza ya kahawa. Kweli, kitabu kinachoongoza nchi nzima kilikuwa kimepangwa pale chini kama matofali.

Takwimu aliruka kama aliyekaa juu ya mwiba. "Kwa hiyo mnaoamua ni nyie! Dora, agiza mia vya *Bibi Taa*! Na wa Akron mpigie simu!"

"Mwisho wa kuagiza ni leo saa kumi na moja jioni. Nikiagiza, nani atavichukua?"

"Sisi!" Benchi lilipaza sauti moja. Ningekuwa Jabali ningetetemeka.

"Vizuri," Dora alisema. "Tuanze na maboksi yenu."

Kila mteja wa kudumu ana boksi lake nyuma ya kaunta, lina jina lake, na humo Dora humwekea vitabu alivyoomba. Mtu haangalii boksi la mwenzake, kama vile asivyofungua droo ya nguo za ndani ya mwenzake. Dora alilibeba la Takwimu akalimwaga mezani.

Mkia. Mkia. Mkia. Mkia. Mbwa.

"Takwimu!" Shemasi alishika kichwa. "Mtu mzima na akili zako!"

Dora akamwaga la Shemasi. Mikia yote, na mbwa yuleyule kwa majalada manne tofauti. Kwenye moja mbwa amevaa kofia.

"Nilitaka kujua adui anawaza nini," Shemasi alisema.

La Nailoni lilikuwa na kila kitu mara mbili, vyote vimeshavishwa mifuko. La kwangu sitalisema, maana nina wajukuu wanaojua kusoma.

"Na *Bibi Taa* yuko wapi?" Dora aliuliza.

"Dora, sikiliza..."

"Yuko wapi? Mbona mnamlilia kila mwezi?"

Macho yetu yakaenda yenyewe kwenye benchi. Pale katikati kulikuwa na *Bibi Taa* mmoja, jalada lina duara la kikombe, kona imelowa mafuta ya pierogi, zile sambusa za Kipolandi.

"Kimoja," Dora alisema. "Kila mwezi mnakisoma kimoja hichohicho, benchi zima, halafu mnanirudishia rafuni kinanuka vitunguu."

"Mimi sijakigusa," Nailoni alisema haraka. "Mimi huwa nasimuliwa."

"Haya. Kila mtu atoe mikia yake mitatu tu, kwa pesa hiyo nimwandikie *Bibi Taa*. Takwimu?"

Takwimu aliinua ule wa thelathini na moja, akauweka chini, akauinua tena. "Nikiutoa huu seti inabaki na pengo. Hata mdomoni, Dora, pengo moja ndilo watu wanaliona."

"Ulisema ni uchafu."

"Ni uchafu! Lakini nimeshafika nao mbali."

"Shemasi?"

"Mtu hatoki kanisani kabla ya amina, hata kama mahubiri mabovu."

"Odessa?"

"Dora mpenzi, nimeshavivisha. Utamvua mtoto nguo kwenye baridi hii?"

Dora alitutazama mmoja mmoja. Nilipofikiwa nikajifanya nina kitu jichoni.

"Juzi Milena alinipigia," alisema taratibu. "Wameshamwambia achore kurasa za mwisho, Bibi Taa anazizima taa zake anakwenda zake. Hajalala. Akaniuliza, wazee wa benchi wanasemaje? Nikamwambia wanakupenda, wanalia kabisa. Akasema, basi mama, kama wapo watu kama wale kila mji, sijapoteza."

Shemasi alivua kofia. Akamchukua mbwa, yule mwenye kofia, akamtazama kwa muda mrefu, akamsukuma upande wa Dora kwa kidole kimoja.

"Niandikie *Bibi Taa*. Kimoja."

Ndipo simu ya kaunta ilipolia. Dora aliangalia, akabonyeza ili tusikie wote.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Milena. "Hafutwi! Wamenipigia sasa hivi. Bibi Taa anaingia *Vita vya Mbingu Saba*! Mkia wa hamsini na tisa!"

Nakwambia, zogo lililozuka pale lilidondosha theluji ya bati hadi kituo cha basi. Nailoni alimkumbatia Takwimu, jambo ambalo hajamfanyia mtu tangu mumewe alipostaafu.

"Mwanangu!" Dora alikuwa analia na kucheka. "Na anafanya nini huko vitani?"

"Anakufa, mama. Ukurasa wa tatu. Jengo linamwangukia. Kapteni Jabali, shujaa wao mkuu, anapita juu angani, anasema, 'Nani yule?' Ndiyo basi."

Shemasi, aliyekuwa ameshavaa kofia, akaivua tena.

"Wanasema kifo kinauza," Milena aliendelea. "Akiingia kumi bora wanamfufua mwezi wa tano, toleo la kwanza, hesabu inaanza upya. Hao wazee wapo hapo?"

"Tupo, binti," nikasema. "Pole sana."

"Asante, babu Lifti. Mtamnunua?"

Takwimu alikohoa. "Anakufa kwenye majalada mangapi?"

"Manne. Kwenye moja amefumba macho."

"Niandikie yote."

"Na mimi yote," Shemasi alisema, akimrudisha mbwa kwenye boksi lake bila kumwangalia mtu. "Mara mbili. Ya kusoma na ya kuhifadhi."

"Mimi mara tatu," alisema Nailoni, "na mifuko minene. Huyu ni mtu wetu."

Milena alitoa sauti, sikujua ni kicheko au nini, akasema anarudi mezani, kuna kifusi cha kuchora. Dora alikata simu, akachukua kalamu, akaandika mia. Mwanawe alikuwa ana kazi mpaka mwezi wa tano, na sisi tuliokataa kumnunua Bibi Taa akiwa mzima tulikuwa tumepanga foleni kununua maiti yake.

Nilitaka kusema neno la faraja. Takwimu akaniwahi.

"Dora. Ukiagiza mia, si wanakupa lile jalada adimu moja?"

"Ndiyo."

"Linakuwa la nani?"

Dora aliinua macho. Akaweka kalamu chini.

"Tokeni."

Tukatoka. Pale nje, theluji ikituingia kwenye kola, tulisimama tukibishana mpaka masikio yakafa ganzi, kila mmoja akitoa ushahidi wake, kwamba kati yetu yeye ndiye mfiwa wa karibu.