Mlango wa Kijani Wahamia Barabarani

Injinia hakuwa injinia. Jina alipewa na kofia ya plastiki ya njano aliyoiokota penye jengo lililobomolewa, naye akaona si adabu kulikataa. Siku moja alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ofisi ya mipango miji, akasoma tangazo ukutani: anayejenga kwa vifaa vilivyokwisha kutumika atapata kibali upesi, kwa kuwa mji wetu unaingia katika uchumi wa mzunguko.

Injinia alilamba midomo. Kuzungusha watu ilikuwa kazi yake tangu ujana. Sasa imepigwa muhuri.

Alasiri alikuwa sebuleni kwa Mwenye Nyumba, mzee aliyekuwa akimalizia maduka manne mbele ya nyumba yake ya kupangisha. Ni mtu wa kuzima taa mgeni angali anatafuta viatu.

"Mzee wangu, ukiweka milango mipya, kibali utakisubiri mpaka wajukuu waote mvi. Mimi ninayo minne ya mbao ngumu, imeshaishi, imeshaona mengi."

"Bei?"

"Sitaki hela. Nipe chumba kimoja, nikae miaka miwili bila kodi. Lile duka la pembeni linanifaa."

Mzee alisikia "sitaki hela." Mengine hayakumfika.

Kesho yake Injinia aliingia uani, nyuma ya nyumba ileile, ambako mzee hakuwa amekanyaga tangu choo kilipoziba. Kodi ndiyo iliyomfuata mbele. Huko kulikuwa na vyumba vinne vya wapangaji, kila mlango na rangi yake.

"Mwenye nyumba anawakarabatia milango," alitangaza. "Siku tatu tu."

Wapangaji walistaajabu mzee kukarabati kitu, lakini neema haiulizwi ilikotoka. Fundi cherehani peke yake, dada mpole wa chumba cha kijani, ndiye aliyeuliza.

"Na cherehani yangu, kaka? Humu nina sare za shule nzima."

"Tundika pazia, dada."

"Pazia lina kitasa?"

Injinia alicheka, akaendelea kulegeza bawaba.

Siku tatu zikawa wiki tatu. Dada alishonea palepale penye uwazi, cherehani kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Sokoni hakwenda, unga alinunuliwa na jirani. Cherehani ikiibwa, hana kazi, na sare za watu atazilipa kwa fedha gani?

Asubuhi moja alimwachia jirani ulinzi, akaenda kuchota maji barabarani. Akauona mlango wake kwenye duka la pembeni, kijani kilekile, na ile ya majirani kwenye maduka mengine matatu. Injinia alikuwa amekataza usiguswe kwa brashi. "Ukuukuu wake ndio ushahidi," alisema, na bwana wa vibali alipokuja kukagua aliugongagonga kwa heshima, akasaini.

Dada hakupiga kelele. Alingoja Injinia atoke kwenda kuagiza kibao cha ofisi yake, kisha akaleta ufunguo. Ukazunguka bila kusita.

Injinia aliporudi, alikuta suruali kumi na mbili zimetundikwa dirishani.

"Dada, umepotea?"

"Mlango ndio uliopotea, kaka. Mimi nimeufuata."

Mwenye Nyumba akaitwa. Dada alimpa karatasi ya upangaji, aliyoiandika mzee kwa mkono wake mwenyewe kwa kuogopa gharama ya vibao vya namba: *Mpangaji atakaa chumba cha mlango wa kijani, kwa kodi hii, mpaka ahame kwa hiari yake.*

"Huu si ule," mzee alisema.

"Basi tumwite bwana wa vibali, baba, aje uani auone ule."

Mzee alimtazama Injinia. Polepole akaelewa kwamba amenunua milango yake mwenyewe, na kwamba mtu anayewaacha wapangaji bila milango hapewi kibali, hunyang'anywa. Nyuma ya dada walikuwa wamesimama wapangaji wengine watatu. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake, karatasi yake ya upangaji, na godoro kichwani.

"Haya, ingieni," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Injinia alikohoa. "Na makubaliano yetu, mzee wangu? Uliniahidi chumba."

"Sivunji ahadi mimi, mwanangu. Nenda uani ukachague. Vyote vinne viko wazi."

Injinia alikwenda kuangalia. Mzee hakusema uongo: vilikuwa wazi, ukisimama cha kwanza unamwona panya wa cha nne.