Mawaridi ya Kuazima Langoni

Jumatatu, 1 Mei

Nyumba inauzwa. Nimeamua mimi, na Mama Dilnavoz ameafiki. Yeye anadai aliamua tangu majira ya baridi na kwamba mimi ndiye niliyeafiki leo. Haidhuru. Binti yetu Dilnavoz atajifungua huko Tashkent zabibu zikiiva, na mke wangu ameapa kwamba mjukuu wake wa kwanza hatazaliwa yeye akiwa Namangan anamenya vitunguu. Tuna miezi minne ya kuuza, kununua pengine na kuhama.

Dalali amepiga simu. Mnunuzi anakuja Jumapili, pamoja na mama yake. Akaniusia kwamba mtu huipenda nyumba akiwa bado nje, kabla hajavua viatu. Ndani anaingia kuthibitisha tu.

Nikatoka kulitazama lango langu kwa macho ya mgeni. Rangi imebambuka. Mtofaa umekauka tangu mwaka juzi. Kando ya mfereji kuna lile beseni kuukuu la kuogea nililopandia vitunguu. Siku zote nilidhani linapendeza.

Kwa bahati mbaya nikageuza shingo kushoto, kwa Mzee Tojiboy. Miaka thelathini alitunza bustani za mji. Sasa amestaafu, amefiwa na mke, lakini mikono yake haina habari na kustaafu. Ana aina ishirini na moja za mawaridi mbele ya nyumba. Moja limetambaa likafunika lango zima, rangi yake ya aprikoti iliyoanikwa. Wapita njia hupunguza mwendo wakifika pale. Hata dereva wa gari la taka huzima injini kidogo. Ninakiri: sijaona kitu kizuri kuliko kile katika mji huu, na mji huu una maua kuliko watu. Nimekiri mara moja. Sirudii.

Mama Dilnavoz akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikumuuliza anaisema nyumba au ananisema mimi.

Jumanne, 2 Mei

Mpango wa kwanza: rangi. Buluu, mikebe miwili, ya kung'aa.

Mzee Tojiboy alipoona brashi akaja mbio na piala ya chai mkononi, akauliza tunafanya harusi ya nani na mbona hajaalikwa. Ikabidi nimwambie kwamba tunauza. Hapo nikakumbuka kwamba kwa desturi jirani ndiye wa kwanza kuulizwa, si wa mwisho kusikia. Mzee akasema Tashkent ni mbali. Halafu akanishauri nikwangue kutu kwanza, na nisipake leo, kwa sababu miti ya popla imeanza kumwaga sufi.

Nikamshukuru. Nikapaka leo leo. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri na lilipendeza hasa, nililitazama mpaka machozi yakanilengalenga. Kisha upepo ukavuma. Sufi ya mtaa mzima ikaja kutua kwenye lango langu bichi. Nilipojaribu kuibandua ilijikunjakunja.

Sasa lango lina ndevu. Mama Dilnavoz alitoka, akaliangalia, akalisalimia: "Shikamoo, baba." Akarudi ndani. Nilimsikia akimsimulia Dilnavoz kwenye simu, akicheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi, 4 Mei

Jana nzima nilinyoa lango kwa wembe. Limebaki na mabaka, lakini ni mabaka ya buluu.

Mpango wa pili: maua. Mtu mwingine angepanda mbegu angoje. Mimi nilikwenda sokoni, nikanunua mawaridi arobaini yaliyokatwa, nikayachomeka ardhini kwa mstari mbele ya lango. Dakika kumi! Mzee Tojiboy kapoteza miaka thelathini kwa kazi ya dakika kumi. Ila udongo ulikuwa mkavu, na leo zamu ya maji ya mfereji ilikuwa yake. Nikainua kibao cha kuzuia maji upande wangu. Kidogo tu.

Maji hayajui kidogo. Yalijaa kwangu, yakazunguka beseni la vitunguu, yakaingia kwake kwa nyuma na kusomba miche yake yote ya rihani. Ilipofika saa nane mchana mawaridi yangu yalikuwa yamelala kifudifudi, yote arobaini.

Nikaenda kuomba radhi. Hasa nilikwenda kumweleza kwamba lawama ni ya mfereji. Mzee wa watu alikuwa amechuchumaa, anaokota miche kwenye matope, mmoja mmoja. Akasema, "Madaminjon, rihani hupandwa tena. Haya maua yako je? Ua lisilo na mizizi halinywi, ndugu yangu. Unalipa maji linakuangalia tu."

Kisha akauliza mgeni anakuja lini. Nikamwambia Jumapili. Akajikuna chini ya kofia, akasema siku mbili zinatosha.

Ijumaa, 5 Mei

Nimesaidiwa kidogo.

Naandika ukweli, hakuna anayesoma: nimesaidiwa sana. Mzee alikuja alfajiri, mimi bado natafuta mguu wa pili wa kiatu. Alileta mawaridi kumi na manne kwenye vyungu, yale anayokuza nyuma ya nyumba, yenye mizizi. Hakuuliza niyataka wapi. Alisimama ng'ambo ya mtaa, akafumba jicho moja, akarudi akaanza kuchimba. Meupe yakaenda kivulini, mekundu juani. Mtofaa mkavu hakuukata. Aliupandishia ua la kutambaa, na mpaka jioni ule mti uliokufa ulionekana umepata mume mpya.

Na beseni! Nilidhani atalitupa. Alilisugua, akaliweka chini ya dirisha, vitunguu akaviacha vilivyo, pembezoni akazungusha rihani aliyoiokoa kwenye mafuriko yangu. Sasa ni vitunguu vilivyotoa maua ya duara katikati ya kijani na zambarau. Mabaka ya lango aliyaziba kwa mzabibu aliouvuta kutoka uani. Nilimshikia kamba. Mikono yake ina mikwaruzo ya zamani na mipya, na hakuna tawi aliloligusa mara mbili. Nilimtazama siku nzima kama mtu anayetazama mkate ukitoka tanuri. Nasema wazi, nilisikia raha.

Mama Dilnavoz alimpikia pilau. Wakati wa kula mzee akasema mtoto wake wa Kokand anamsihi mwaka wa nne sasa ahamie kwake, naye anakataa, maana ataacha nini na atamwachia nani. Nikamwambia asiondoke kamwe, mtaa bila yeye si mtaa. Sijui kwa nini nilisema hivyo, mimi ndiye ninayeondoka.

Jumapili, 7 Mei

Wamekuja. Mnunuzi anaitwa Ubaydullo, daktari wa meno, mpole, haongei. Anayeongea ni mama yake, Bibi Tursunoy, mfupi, macho makali, fimbo yake si ya kutegemea bali ya kuelekezea vitu. Walisimama nje robo saa nzima. Dalali alisema kweli. Bibi alinusa kila waridi, akaligonga beseni kwa fimbo, akasema, "Huyu aliyepanga hivi ana akili."

Nikainamisha kichwa kwa adabu. Sikusema ni mimi. Sikusema si mimi.

Tukaingia, chai, mkate, zabibu kavu. Ndipo bibi akaweka piala chini na kuuliza: jirani yako wa kushoto ni mtu wa namna gani?

Kumbe kabla ya hapo alikuwa ameshalitazama lango la kushoto kwa macho ya mahaba. Nikaona hatari. Akimpenda mzee yule, atajua mara moja mawaridi yangu yalitoka wapi, na sifa yote itahamia kushoto. Nikajikuta naongea. Kwamba ni mtu mgumu. Kwamba ana makuu na maua yake. Kwamba kwenye maji ya mfereji ni mgomvi, juzi tu palitokea mafuriko. Nilishangaa jinsi maneno yalivyokuja yamejipanga. Mama Dilnavoz, aliyekuwa mlangoni na birika, alinikazia macho mpaka chai ikamwagika.

Bibi akasema "Aha." Alipotoka hakwenda kwenye gari. Alikwenda moja kwa moja kumpigia hodi Mzee Tojiboy, maana wenyewe tunasema usinunue nyumba, nunua jirani. Nilijibanza nyuma ya mzabibu. Nilisikia kila neno.

"Madaminjon?" mzee alisema. "Mama, huyo ukimpata jirani umepata ndugu. Mke wangu alipougua, nani alikuwa akija kuwasha tanuri langu kila asubuhi, miezi mitatu? Yeye na mkewe. Alfajiri anafagia na kunyunyiza maji kwake na kwangu. Ana haraka kidogo, lakini moyo wake ni mweupe."

Kuwasha tanuri aliwasha mke wangu. Mimi nilibeba kuni, siku mbili hivi. Na anayefagia pande zote mbili ni mzee mwenyewe. Masikio yalinichoma.

Lakini kibiashara, kazi safi! Kasifiwa mwenye nyumba. Nyumba imeuzwa.

Jumatatu, 8 Mei

Dalali kasema bibi kauridhia mtaa moja kwa moja. Mtaa! Nimeanza kufunga vitabu. Mama Dilnavoz hajafunga chochote. Anauliza nilikuwa na lazima gani ya kusema yale. Nikamwambia biashara ina lugha yake. Akasema ulimi uliponza kichwa, akaenda kumpelekea Mzee Tojiboy supu.

Jumamosi, 13 Mei

Wamerudi, na mikate, peremende na kitambaa. Nikavaa kofia mpya, nikasimama langoni katikati ya mawaridi. Bibi Tursunoy alinipungia mkono kwa upendo mkubwa. Akapita. Akaingia kwa Mzee Tojiboy.

Jioni mzee mwenyewe alikuja, amevua kofia, ananiomba ruhusa. Kwa desturi jirani ndiye wa kwanza kuulizwa, naye hakuisahau. Bibi amemwambia kwamba huko Chust aliteswa na jirani mbaya miaka tisa, na nyumba ni kuta tu. Nyumba yangu, hata ingekuwa ya dhahabu, jirani yake ni mtu mgumu, mwenyewe nimesema. Nyumba ya mzee, jirani yake ni mimi. Kwa hiyo anaitaka ya mzee; kwamba nami nauza halimtishi, muuzaji anayemsema jirani hivyo hauzi leo wala kesho. Mzee akafikiri siku nne. Kilichokuwa kinamzuia kuhamia Kokand ni kwamba nyumba ingeangukia kwa mtu asiyeeleweka, karibu na sisi. "Na ninyi mnaondoka," akasema. "Nibaki namwagilia nani?"

Hakuniuliza nilisema nini kumhusu. Nikatoa ruhusa. Ningefanyaje?

Mama Dilnavoz aliketi kitandani, akasema kwa utaratibu kwamba mtoto wa Dilnavoz atazaliwa, ataota meno, na yeye atayaona meno hayo kwenye simu. Hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikatoka kumwagilia maua.

Alhamisi, 25 Mei

Mzee Tojiboy ameondoka leo. Lori moja, nusu yake ni vyungu. Nikamwambia achukue na yale kumi na manne ya langoni kwangu, yalikuwa ya kuazima tu. Akakataa. Waridi lililochanua halihamishwi, linakufa njiani. Akanipa mkasi wake wa kupogolea, mpini umelika mahali pa kidole gumba.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri, na maneno nimeyapanga. Nikafungua mdomo, nikamwambia kwamba lile gurudumu la nyuma la lori linaonekana halina upepo wa kutosha. Akaenda kulipiga teke, akasema linatosha. Akanikumbatia. Lori likapinda kona ya msikiti.

Nimelia. Mama Dilnavoz pia, ila yeye aliliona jambo hilo la kawaida. Nampenda yule mzee. Ningalisema mapema.

Jumapili, 11 Juni

Bibi Tursunoy ni mtihani. Mawaridi yote ishirini na moja ameyang'oa, anasema ya kwangu yanamtosha kunusa, ametandaza saruji aegeshee gari la mwanawe. Kila alfajiri ananigongea kwa fimbo: mbona jirani mwema leo hajafagia upande wake, kwani anaumwa? Nafagia. Nanyunyiza. Ananisifia kwa kila anayepita. Mawaridi yangu kumi na manne yamechanua mara ya pili, nayapogoa mwenyewe kwa ule mkasi, na jana mtu alisimama kuyatazama, mtu nisiyemjua kabisa. Dereva wa gari la taka sasa huzimia injini kwangu. Ilipendeza, naandika bila aibu.

Na leo, habari njema! Dalali ameleta mnunuzi mwingine, bwana kutoka Andijan na mkewe. Walisimama nje robo saa. Waliingia, chai, mkate, zabibu kavu. Kisha bwana akaweka piala chini, akauliza jirani yangu wa kushoto ni mtu wa namna gani.

Safari hii sikuwa na haja ya kutunga. Nikamweleza ukweli mtupu: ni mtu mgumu, ana fimbo, hana hata ua moja, na alfajiri halali wala hamlazi mtu.

Bwana akasema "Aha," wakaaga, wakaenda kumpigia hodi bibi. Nimejibanza nyuma ya mzabibu, nimesikia kila neno. Ananimwagia sifa mpaka nimeona haya.

Mambo yameiva. Nimemwambia Mama Dilnavoz aanze kufunga mizigo. Ameniangalia, akaendelea kumenya vitunguu.