Solo ya Estelle kwenye Spika ya Dany

Jumatatu, 2 Juni 2025
Naahidi kuandika yote, hata yasiyonipamba. Wimbo wetu wa Pentekoste umeibwa! Korali haijauimba bado mbele ya watu, na leo Dany, yule anayejaza nyimbo kwenye simu za watu hapa Ngezi, anaupiga barabarani kwa spika. Nani alimpa? Namshuku Estelle. Ndiye aliyepewa solo. (Mimi niliiomba, kwa unyenyekevu, mara nyingi.) Akifukuzwa, solo itahitaji mtu.

Jumanne, 3 Juni
Mkutano wa korali. Nilisimama. Nikawakumbusha somo la uraia: anayesambaza muziki wa watu bila ruhusa, sheria inaweza kumfunga. Basi aliyetoa wimbo wetu asiimbe mwaka mzima! Mama Léonie, kiongozi wetu, akauliza kama mwaka si mzigo mkubwa kwa mtoto. Nikajibu kwa heshima kwamba wizi ni wizi. Estelle akasema hata mwizi wa kuku haadhibiwi hivyo. Ona woga huo! Kura zikapigwa: mwaka. Caleb wa besi akaniita Madame le Juge, yaani Bibi Hakimu. Nililala vizuri.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Caleb aliuchukua wimbo kwa Dany, eti kwa uchunguzi, akatusikilizisha. Karibu kabisa na simu, sauti nyingine inaimba solo juu ya sauti ya Estelle. Inamfunika.
Yangu.
Besi zote zikacheka. “Ni weye huyo, Madame le Juge!”
Sasa nakumbuka. Nilirekodi mazoezi ili nijifunze, Estelle asije akaugua. Kisha nikamwachia Dany kadi ya kumbukumbu ya simu aniwekee tenzi. Naye akajichukulia yaliyokuwamo! Nikaeleza kwamba kuna wizi na kuna usahaulifu, na sheria ya haki hutofautisha. Mama Léonie akauliza: Clarisse mwanangu, juzi ilikuwa haitofautishi? Estelle akaniombea: mwaka ni mrefu, asiimbe Pentekoste tu, inatosha. Wakakubali. Alitabasamu kupita kiasi.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste njema. Nilikaa nyuma na akina mama. Nikaimba solo kutoka pale, kwa nguvu: nilikatazwa korali, sikukatazwa benchi. Mama mmoja aligeuka kunitazama, nadhani alipendezwa. Nilirekodi pia. Baada ya ibada Dany akaniambia wateja wanauliza yule anayefunika mwenzake ataimba lini tena. Wateja! Kesho nampelekea kadi. Ee Bwana, nijibu kabla sijamaliza chai ya asubuhi: mtu akitoa sauti yake mwenyewe, Estelle akisikika kwa mbali tu, huo nao ni wizi?