Jinsi Baba Yao Alivyowashika Watoto Melini Dakika Arobaini

Njooni, enyi akina mama mliokwisha kukata tiketi na ninyi mnaoziota, viacheni vyombo kwenye sinki, mketi mnisikilize. Maana nawaletea habari za Baba Yao, simba wa sebule, mshika rimoti kwa mkono wa kuume, aliyetoka kuwakabili watoto wake mwenyewe wawili, katikati ya bahari, peke yake, akarudi yu hai.

Ilikuwa siku ya tano ya likizo, ndani ya meli ya starehe yenye ghorofa kumi na mbili. Mimi tangu tupande sikuwa nimefumba jicho, kwa sababu mdogo hupanda kila kinachopandika, na chumba chetu kilikuwa na kibaraza, na kibaraza kilikuwa na ukingo, na chini ya ukingo ilikuwa bahari. Usiku nilijilaza nimefunga mkanda wa gauni langu kwenye mguu wake. Basi siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, niliomba saa moja tu ya usingizi.

Shujaa akasimama, akaipandisha kaptula juu ya kitambi, akanena: "Mke wangu, lala. Lala kama malkia! Hawa ni watoto wangu, damu yangu. Nani awajuaye kunishinda mimi?"

Nikalala. Dakika ya saba simu ya chumbani ikalia.

"Mama Watoto, samahani. Nipo chumba cha michezo. Dada wa mlangoni anauliza, hivi huyu mdogo ana miaka mingapi?"

"Miwili na nusu."

"Ahaa. Basi hawamtaki, wanaanzia mitatu. We lala, lala."

Likaja pigo la pili, kutoka bwawa la kuogelea, ambako jeshi lake lilirudishwa nyuma na bango lisemalo wavaa nepi hawaingii majini.

"Nepi nyingine umeweka wapi?"

"Kwenye mkoba ulioubeba begani."

"Huu?"

"Huo."

Kisha simu ikanyamaza. Nanyi mnajua, mama wenzangu, watoto wakinyamaza ndipo moyo hukimbia. Nikauona ukingo, nikaiona bahari, nikatoka mbio peku, gauni nimelivaa nje ndani.

Niliwakuta kwenye lifti. Naam, huko ndiko jemadari alikopiga kambi! Mkubwa, wa miaka mitano, alikuwa amevumbua vitufe, na mdogo akanyanyuliwa avibonyeze vyote kumi na viwili, juu hadi chini, chini hadi juu, na kila mlango ulipofunguka shujaa alinguruma, "Ghorofa ya tano! Nani anashuka?" Wala hakushuka mtu. Mhudumu mmoja alibanwa pembeni na toroli la supu iliyokwisha kupoa. Bwana mmoja mwenye taulo kiunoni alikuwa ameshaacha hata kulalamika.

Je, walimlaani? Thubutu! Bibi wawili wenye kofia za jua walikuwa wakimpigia makofi.

"Baba kama huyu," akasema mmoja, akiitazama miguu yangu, "anatafutwa kwa tochi."

"Una bahati, mama," akadakia wa pili. "Wangu hata nepi hakujua inavaliwa upande gani."

"Dakika arobaini," akanena shujaa, jasho likimchuruzika, "na sikupoteza hata mmoja! Umepumzika vizuri, mke wangu?"

Kwa hiyo nawaonya: mume akikwambia lala kama malkia, lala na viatu.

Akanikabidhi mdogo kama mtu akabidhiye bendera ya nchi aliyoiteka, akaingia chumbani, akajitupa pale pale nilipopaacha na joto. Basi na iandikwe kwamba siku ya tano, baharini, mwanamume mmoja aliwashika watoto wake dakika arobaini, na vizazi vijavyo vimpe sifa zake. Ila vimpe kwa sauti ya chini, maana nimesimama hapa mlangoni na watoto wawili, na shujaa amelala.